Izara Aliyovishwa Kidawa

Paukwa!
— Pakawa!
Niseme au ninyamaze?
— Sema, tumekaa.

Hapo kale palikuwa na mjane, Kidawa. Alikaa jirani na wifi yake Mafunda, dada wa marehemu mumewe. Walilima pamoja, walitwanga pamoja, walikula sahani moja.

Siku moja Kidawa alikwenda kuokota kuni. Katika kibanda cha kuamia ndege akasikia mtu anagumia. Alikuwa Makame, mwana wa pekee wa Mafunda, ambaye mama yake alijua bado yuko safarini. Mwili mzima umemtoka ndui.

"Mkazamjomba, usisogee."

"Mimi niliugua utotoni, hainirudii. Nikamwite mama yako."

"Usimwambie. Akijua atakuja kunikumbatia, naye atakufa. Niapie."

Kidawa akaapa.

Basi akawa anampelekea uji. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Watu wakamwona: mjane, bakuli limefunikwa, njia ya porini. Na watu mnawajua.

Mafunda akamngojea kisimani.

"Wifi, chakula unampelekea nani?"

Kidawa akavuta kamba ya kisima.

"Mwanamume?"

Kidawa akajitwika mtungi.

"Kaburi la kaka yangu halijaota majani. Hii ni izara."

Izara, wenzangu, si aibu ya kujikwaa mbele ya wageni. Hiyo watu hucheka, ikapita. Izara ni kitendo cha kumvua mtu heshima, na nyumba yake nzima ikanuka. Mafunda alilisema neno hilo kisimani, akalisema shambani, akalisema msibani. Kidawa akisalimu, haitikiwi. Akawa anatwanga peke yake, machozi yanadondokea kinuni.

Makame akafa. Kidawa akamzika kwa mikono yake, kisha akamwendea mama mtu, akamweleza yote. Mafunda akaanguka chini. Alipoinuka, akaenda kisimani.

"Izara ni yangu mimi. Wifi yangu alikuwa akimuuguza mwanangu. Alikuwa na ndui."

Wanawake wakatazamana.

"Ndui?" mmoja akauliza. "Na kamba hii ya kisima Kidawa anaishika kila siku?"

Wakajitwika mitungi yao, wakaondoka upesi.

Kidawa akawaona wakiupita mbali mlango wake; akaingia ndani, akaufunga. Mafunda akabisha.

"Wifi, nifungulie."

Akabisha tena.

"Nifungulie, nimlilie mwanangu kwako."

Akabisha mara ya tatu. Kidawa alikuwa ameketi nyuma ya mlango, anamsikia. Mkono haukuinuka kufungua.

Hapo ndipo nilipoitua hadithi yangu. Aliyeisikia, abaki nayo.
— Tumebaki nayo.