Mkataba wa Mikeka ya Mchangamle

Bwana Khelef, tajiri wa mjini, aliwataka wasusi wa Mchangamle wamuuzie mikeka yeye tu, kwa bei yake. Lori pekee la kupeleka mizigo sokoni lilikuwa lake, kwa hiyo kukataa kulikuwa kulala njaa. Mkataba niliuandika mimi, karani wake, mhitimu wa chuo, nikawasomea kwa mahadhi.

"Mkataba umepangika, mwanangu," alisema Bi Mize, mkubwa wa wasusi. "Na tukikuletea ukili?"

"Ukili ni nini?"

Wanawake walicheka mpaka nikaona haya.

"Ni huu msuko mwembamba. Tunazishona kili nyingi pamoja ndipo tupate mkeka. Bwana atazitaka kili tupu?"

"Nizifanyie nini?" alisema Bwana Khelef.

Nikaongeza kifungu, kwa mwandiko wa madaha: mkeka ni ule tu ambao wasusi wameushona mpaka mwisho.

Baada ya mwezi tulikwenda na lori. Uani tuliwakuta watalii kumi. Kila mmoja alikuwa amenunua kili kwa bei ya mikeka miwili na anajishonea mwenyewe, huku Bi Mize akimwelekeza kushika sindano.

"Mikeka yangu iko wapi?"

"Sisi hatujashona hata mmoja, bwana. Muulize msomi wako."

Nilikisoma kile kifungu, safari hii bila mahadhi. Bwana Khelef alinipokonya karatasi.

"Ukimfukuza, tuachie sisi," alisema Bi Mize. "Tutamfundisha kushona. Ila kuandika, asituandikie kitu."