Ng'ombe Waliopotea Kompyutani

Hapo zamani, lakini kompyuta zilikwisha kufika Rungwe, palikuwa na kampuni ya kuzalisha ng'ombe wa maziwa. Namba ya hereni ya kila ng'ombe, mama yake na dume aliyemzaa, vyote vilikaa katika kompyuta moja. Mtunzaji wake aliitwa Tulinagwe Mwakalonge.

Asubuhi moja kompyuta ilisoma kumbukumbu hizo, ikafika mahali, ikakwama. Tulinagwe akafungua nakala za akiba. Kila Ijumaa alitoa nakala, hakuwahi kujaribu hata moja. Zote zilikwama palepale.

Mkurugenzi, Bwana Anyosisye, akaogopa. "Bila ukoo tutampandisha binti kwa baba yake! Atakayerudisha kumbukumbu nitampa mtamba mwenye mimba."

Tulinagwe alimtaka mtamba yule. Ng'ombe wake wa pekee alikufa masika, na mama mkwe alikuwa akinywa chai ya rangi bila kusema neno. Kule kutosema ndiko kulikomchosha.

Akaja fundi Ambokile. Siku tatu alikagua kumbukumbu kipande kwa kipande, akakuta vipande saba vimeharibika. Akavitia alama ili kompyuta iviruke. Ikasoma hadi mwisho, lakini ng'ombe mia mbili na kumi na wawili hawakuwamo.

Tulinagwe akakumbuka faharasa, orodha ya namba iliyotunzwa kando, ambayo ilikuwa nzima. Siku tisa alilinganisha namba na namba, macho yakimwasha, akawapata wote waliokosekana. Namba tu, wazazi hawakuwamo.

Akaja Mzee Syabumi, mhimilishaji mstaafu aliyekuwa akiwapandisha ng'ombe hao kwa mirija ya mbegu, na kadi zake za upandishaji ndani ya debe. Wiki tano alikwenda zizi kwa zizi, goti limevimba, akisoma hereni, akitaja mama, akitaja dume.

Kumbukumbu zikakamilika, na siku ya kukabidhi mtamba ikafika.

"Mimi niliuona ugonjwa," alisema Ambokile. "Bila mimi mngekuwa bado mnaipiga kofi kompyuta."

"Wewe uliziba shimo tu," alisema Mzee Syabumi. "Wazazi wao niliwarudisha mimi."

"Baba," alisema Tulinagwe, "bila orodha yangu ungejua umtafute ng'ombe gani?"

Ambokile akacheka. "Na ule uozo, dada? Kila Ijumaa uliukunja vizuri ndani ya nakala, ukaufungia kabatini!"

Ilikuwa kweli. Lakini Bwana Anyosisye akainamisha macho, maana mara mbili Tulinagwe alimwomba kompyuta ya kujaribia nakala, naye mara mbili akamwambia angoje.

Mtamba alikuwa uani, akicheua. Bwana Anyosisye akaishika kamba, akawatazama wote watatu.

Je, wenzangu, mngekuwa ninyi, mngemkabidhi nani?