Laki Sita za Makambako

Sogeeni karibu. Nina kesi iliyonishinda kuihukumu, na tangu niisikie sijatulia. Leo nawakabidhi ninyi.

Pale Makambako, njia inapogawanyika, moja ikienda Mbeya na nyingine Songea, palikuwa na mgahawa mmoja ambao wasafiri wa magari madogo walipenda kula. Katika mgahawa huo walifanya kazi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mzee Odilo Mgaya, mlinzi wa geti. Kipaji chake kilikuwa msimamo. Akisema hapiti mtu, hapiti mtu, hata awe nani.

Wa pili ni Lustika Sanga, mhudumu wa meza. Huyu alijaliwa kuwasoma watu. Mgeni hajafungua mdomo, Lustika ameshajua kama ana njaa, ana hasira, au ametoka msibani.

Wa tatu ni Mama Faines, mwosha vyombo, mjane aliyemuuguza mumewe miaka tisa kwa ugonjwa wa sukari. Yeye aliyajua maradhi kama wengine wanavyowajua majirani zao.

Siku moja, kwenye saa saba mchana, upepo ukivuma na vumbi likiingia hadi kwenye sahani, aliingia mgeni kutoka Mbeya, Bwana Anyelwisye, pamoja na binti yake wa miaka sita, Tusekile. Aliagiza wali na kuku kwa wawili. Jikoni kulikuwa na msongamano, chakula kikachelewa. Dakika arobaini zikapita. Ghafla mgeni akainuka, akamshika mtoto mkono, akatoka akipepesuka hadi kwenye gari lake.

Aliwasha gari. Likaruka mbele, likazimika. Akawasha tena. Wageni waliokuwa barazani wakacheka: "Huyo kalewa mchana kweupe!"

Mzee Odilo akafunga geti, akasimama mbele yake. Bwana Anyelwisye akateremsha kioo na kuporomosha matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Meneja, Dada Jenifa, akapiga kelele kutoka mlangoni: "Mzee Odilo, mfungulie mgeni aende zake! Unataka kutuharibia jina?"

"Nifukuze kazi, Dada," Mzee akajibu, "lakini mtoto huyu hatoki hapa na dereva huyu." Akaingiza mkono dirishani kuchomoa ufunguo. Akapigwa kofi, kofia ikaanguka. Hakuiokota. Aliutoa mkono ukiwa na ufunguo. Nusu dakika baadaye lori la mbao lilipita mbele ya geti lile kwa kasi.

Wanaume wawili wakamtoa mgeni garini. Mmoja akasema apelekwe polisi. Dada Jenifa akasema afungiwe stoo mpaka pombe imtoke. Walikuwa wameshaanza kumburuta. Lustika aliacha meza zake, akakimbia, akamsogelea yule mtu hadi pua yake ikakaribia kugusa shavu lake. Hakusikia harufu ya pombe. Akaona jasho linamtiririka katika baridi ile ya Makambako, na macho yanamtazama bila kumwona. Akachuchumaa kwa mtoto.

"Baba anaumwa?"

"Baba huwa anajichoma sindano tumboni," Tusekile akasema, akilia.

Lustika akasimama mbele ya mlango wa stoo. "Mwacheni! Si mlevi huyu, ni mgonjwa! Jamani, nani anajua ugonjwa wa sukari?" Maana yeye mwenyewe hakujua la kufanya.

Kelele zile zilimfikia Mama Faines jikoni, mikono ikiwa na povu. Kanuni ya mgahawa ilikuwa mwosha vyombo haonekani mbele ya wageni. Alitoka hivyo hivyo, chupa ya asali ya mgahawa mkononi. "Sukari imemshuka. Mlazeni ubavu." Mgonjwa alikuwa amekaza meno. Mama Faines akapenyeza kidole, akampaka asali ndani ya shavu, kidogo kidogo. Akang'atwa mpaka damu ikatoka. Hakutoa kidole. Baada ya muda taya likalegea, akameza, akaweza kunywa soda, na baada ya nusu saa akauliza kwa sauti yake halisi: "Tusekile yuko wapi?"

Alipokwisha kula na kupata nguvu, alisimuliwa yote, akalia bila kuona haya. Alikwenda getini, akamwinamia mlinzi: "Mzee wangu, nimekukosea. Sitaondoka hivihivi." Akaja jikoni, akakiona kidole kilichofungwa kitambaa: "Mama, sina la kukwambia. Ila utaona." Kisha akaomba bili.

Hapo ndipo fundo lilipofungwa. Bwana Anyelwisye hakutembea na noti, kwa kuwa aliwahi kuporwa njiani. Lustika akamletea mashine ya kadi. Zamani mgahawa ule haukuwa na mashine. Bakshishi yote ilitumbukizwa kwenye kopo moja na kugawanywa Jumamosi. Mashine ilipoletwa, kopo likaondolewa, kwa sababu kila mhudumu sasa alikuwa na namba yake.

Kioo cha mashine kikaandika: *Umehudumiwa na Lustika. Ungependa kumpa bakshishi?* Mgeni akaandika laki sita. Mishahara ya miezi mitatu ya Lustika. Akabonyeza, akamrudishia mashine. "Nimemaliza, dada. Mungu awabariki."

Akaondoka na binti yake kuelekea Njombe. Hakuna aliyechukua namba yake ya simu.

Fedha za mashine hulipwa kwa simu pamoja na mshahara, kwa hiyo walisubiri siku kumi na nane. Siku hizo zilikuwa ndefu. Mzee Odilo, aliyekuwa akimtania Lustika kila asubuhi, sasa alimfungulia geti akitazama barabarani. Mama Faines aliosha sahani kwa kishindo hadi mbili zikavunjika. Lustika alikuwa akichanganya oda, akampelekea mgeni wa maharage samaki. Hakuna aliyeuliza, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini.

Siku ya mshahara wakakutana jikoni. Mzee Odilo ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, nisingefunga geti, ungemnusa nani?"

"Na mngemnusa," Mama Faines akadakia, "mkabaki mnamtazama mpaka akate roho."

"Nisingepiga kelele, Mama, ungetoka hapa jikoni?" Lustika akajibu. "Na tuambiane ukweli. Nilipoacha meza zangu, watu wanne walikula wakatoroka. Elfu arobaini na mbili nimekatwa mimi. Nani alinichangia?"

"Mimi nilipigwa kofi mbele ya watu wanaoweza kuwa wajukuu zangu," Mzee akasema.

Mama Faines alinyoosha tu kile kidole, ambacho hadi leo hakikunjiki.

Dada Jenifa aliitwa aamue. "Mimi nafuata mashine," akasema. "Imeandika jina moja. Nikianza kugawa ya huyu, kesho mpishi atadai ya yule, na kesho kutwa mfagiaji. Lustika akitaka kutoa, ni hiari yake." Akaondoka.

"Alisema Mungu *awabariki*," Mzee Odilo akasema taratibu. "Hakusema akubariki."

"Baraka alizigawa, Mzee. Fedha aliandika jina langu, na kulisoma alilisoma." Lustika akamsogelea. "Kila siku wenye magari wanakupa sarafu pale getini. Ulishawahi kuniletea hata mia?"

Mzee akaivuta kofia yake. "Zile napewa mkononi. Anayenipa ananitazama usoni, anajua anampa nani. Yule hakuwa na cha kuniwekea mkononi. Angekuwa nacho, unadhani angenipita?"

"Afadhali ninyi," Mama Faines akasema, akifuta mikono kwenye aproni. "Wewe una geti, yeye ana mashine. Mimi mkono wa mgeni haunifikii kwenye karai, na mashine haina jina langu. Miaka kumi na moja. Siku moja tu mgeni amenifuata jikoni, akaniambia nitaona. Sasa naona nini?"

Lustika hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Mdogo wake wa kiume alikuwa amerudishwa kutoka chuo cha ufundi kwa kukosa ada, na ada ilikuwa laki tano na nusu. Mzee Odilo naye alikuwa na mtoto wa jicho, akisubiri kufanyiwa upasuaji. Mama Faines alikuwa na kile kidole, na kazi yake ni ya mikono. Kila mmoja alijua shida ya mwenzake, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kukasirika vizuri wala kunyamaza vizuri.

Lustika alivua aproni. "Naenda kutoa fedha. Nikirudi nitakuwa nimeamua."

Akatoka, upepo ukamsukuma mgongoni hadi kwa wakala wa fedha ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na foleni. Mara tatu alitoka kwenye foleni, mara tatu akarudi. Alipogeuka aliwaona wenzake wawili: Mzee kwenye geti, Mama Faines mlangoni mwa jikoni, kila mmoja akijifanya anatazama kitu kingine.

Foleni ikamfikia. Wakala akamtazama, kidole juu ya simu.

"Dada, unatoa shilingi ngapi?"

Haya, ninyi mlionisikiliza. Aliyezuia kifo barabarani, aliyekitambua, au aliyekifukuza: nani mwenye haki ya laki sita? Au ni za yule aliyeandikwa jina, yakaisha? Wakala anasubiri, na nyuma ya Lustika watu wameanza kulalamika. Ungekuwa wewe umesimama dirishani pale, ungemjibu nini?