Mipini ya Mtemi Fisi

Mpo?

—Tupo!

Masikio mmeyaosha?

—Yanang'aa!

Basi sogeeni, maana hadithi hii ina moshi.

Kulikuwa na nchi yenye chemchemi ya maji ya chumvi. Mtemi wake, Fisi, aliyachemsha maji yale mpaka yakakauka, akauza chumvi nchi jirani. Chungu kimoja kwa siku, na chungu kimoja kilimeza mizigo mitatu ya kuni. Nyani walikata miti, ko! ko! ko! Kila ko! ilimchoma moyoni Pelele, mnyama mdogo wa mitini, kwani alikuwa na watoto wawili wachanga kwenye tundu la mninga.

Akawaza: jiko likila kidogo, miti itabaki. Akafinyanga jiko la udongo, akampelekea Fisi.

"Mtemi wangu, hili linataka mzigo mmoja tu kwa chungu."

"Mmoja?" Fisi akacheka, hee-hee-hee! "We kipande cha mnyama, una akili kuliko mawaziri wangu! Chumvi ikiwa rahisi, nani hatainunua? Jengeni majiko kumi na mawili!"

Jana mizigo mitatu, leo kumi na miwili. Ko! ko! ko! Pelele akahesabu miti: arobaini. Akahesabu tena: tisa. Akahesabu tena: mmoja, wa kwake.

"Mama, mbona unatetemeka?"

"Baridi, wanangu." Na jua liko utosini.

Nyani wakaja, mashoka begani, Fisi nyuma yao. Pelele akashuka mbio.

"Mtemi! Mninga huu mbichi, utakupa moshi mtupu. Kuni bora unazo, umezikalia."

"Ziko wapi?"

"Mipini ya mashoka! Mikavu, imekunywa jasho miaka na miaka. Mpini mmoja, vyungu kumi!"

Mate yakamtoka Fisi, chururu! "Vyungu kumi! Chomeni yote, upesi, kabla majirani hawajasikia!"

Waa! Mipini ikawaka, ikaisha, maji hata hayajatoa povu.

"Kateni huo mti!" Fisi akafoka.

"Kwa shoka lipi, Mtemi?" nyani wakauliza. "Mashoka hayana mipini."

"Basi kateni mipini!"

"Kwa shoka lipi?"

Wanabishana mpaka leo. Pelele naye, mpaka leo, ndege kigong'ota akigonga mti, ko!, hushtuka na kuwakumbatia watoto.

Mzigo wangu nimeutua, anayeuweza aubebe. Na funzo ni hili: jiko linalokula kuni kidogo huokoa msitu. Kwa hiyo kila mmoja wenu akajenge matano.