Posa Iliyovunjikia Barazani

Neno la barazani halilali barazani. Mama yenu amewaambia hivyo leo mchana, alipowasikia mnavyowasema viongozi na majirani kwenye simu zenu. Mmecheka, kisha mmekuja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Mmefanya vema kuja kwangu, maana wengine huutaja tu kama wanavyotaja bei ya nyanya. Mimi nilikuwapo ulipozaliwa. Ulianza hivi.

Nilikuwa binti wa Sikonge, nikilelewa na mjomba wangu Kapera baada ya baba kufariki. Kijana mmoja wa Urambo, jina lake Masudi, alikuwa akija kwetu kununua asali. Akaniona, nami nikamwona. Sitawaficha, nilimpenda. Zamani alikuwa machimboni akichimba dhahabu, lakini alikuwa ameacha na kushika biashara yake hiyo. Baba yake, Mzee Sefu, akatuma washenga walete posa. Mjomba hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Tupeni muda tuulize."

Kwetu kuuliza si kwenda kwa wazazi wa kijana ukakaribishwa kiti. Anakwenda mtu asiyejulikana, anakaa penye watu, anasikiliza. Mjomba hakutaka kumtuma mtu mwingine. Alikwenda mwenyewe, kwa kuwa Mzee Sefu hakuwahi kumwona.

Sasa niwaeleze huyo Mzee Sefu. Alikuwa fundi cherehani, na nje ya kibanda chake palikuwa na baraza ya kahawa. Alikuwa na mchezo mmoja: watu wakiwa upande huu, yeye yuko upande ule. Wakimlaumu diwani, atamtetea mpaka jasho limtoke. Kesho yake wakimtetea, atamlaumu. Wakisema wanawake wapewe uongozi, atasema warudi jikoni, na huyohuyo ndiye aliyekuwa akimchotea mkewe maji kila asubuhi. Wenzake walimjua. Walimwita Mpinzani, na siku asipofika kahawa haikunoga.

Siku aliyofika mjomba, jamaa walikuwa wakiwasifu vijana wa machimboni. Wamewajengea wazazi nyumba za bati, wamewasomesha wadogo zao. Wote wakawa na kauli moja, na kauli moja ndicho kitu ambacho Mzee Sefu hakuweza kukivumilia. Akaweka kikombe chini.

"Mabati hayo yasiwadanganye," akasema. "Mtu aliyezoea machimbo hatulii na mke mmoja wala mji mmoja. Mimi ningekuwa na binti, nisingempa hata mmoja wao."

Jamaa wakacheka, wakamwambia Mpinzani ameanza. Mgeni mmoja aliyekaa mwisho wa benchi akamuuliza, "Hata kama ni mtoto wa mtu unayemfahamu?"

"Hata awe wa kwangu," akajibu Mzee Sefu.

Hapo baraza nzima ikaangua kicheko, maana wote walijua jinsi alivyompenda Masudi. Mgeni hakucheka. Alimaliza kahawa yake, akaaga vizuri, akapanda basi kurudi Sikonge.

Posa ikarudishwa. Washenga waliambiwa hapana, basi, bila sababu. Mzee Sefu hakuamini, akaja mwenyewe kuuliza kosa la mwanawe. Mjomba alipotoka kumpokea, yule mzee alimtazama usoni akamtambua: ndiye yule mgeni wa mwisho wa benchi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikayasikia yote.

"Ndugu yangu," akasema Mzee Sefu, "yale yalikuwa mazungumzo ya kahawa tu. Muulize yeyote pale atakwambia. Mimi huwa nachangamsha baraza."

"Ulijua kwamba mimi ni nani?"

"Wallahi sikujua."

"Basi ndiyo maana nilikuamini. Leo umekuja ukinijua. Leo nitakuamini vipi?"

"Mwanangu ni mtulivu, ndugu yangu. Hanywi, hana makuu. Usimpe adhabu kwa ulimi wangu."

"Sikumhukumu mimi, mzee. Alihukumiwa na baba yake."

"Lakini ya barazani huishia barazani. Ndivyo tunavyosema sisi."

"Semeni nyinyi," mjomba akamwambia, tena kwa upole. "Neno la barazani halilali barazani. Lako nilipanda nalo basi, likafika hapa kabla ya magharibi."

Mzee Sefu akalia. Sijawahi kusikia mwanamume akilia vile, wala sitaki kusikia tena. Mjomba naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto wa dada yake wa kumlinda, akalinda kwa alichokisikia. Binti wa wakati ule hakuulizwa, nami sikuulizwa.

Miaka ilipita ndipo dada yake Masudi, niliyekutana naye msibani, akaniambia yaliyotokea kwao. Mzee Sefu alirudi akamweleza mwanawe kila kitu, hakuficha neno. Masudi hakugomba. Aliuliza tu, "Baba, uliposema hata awe wa kwako, hukunikumbuka?" Masudi akaacha biashara ya asali, akarudi machimboni, leo mgodi huu, kesho ule. Akawa vilevile alivyosemwa, naye hakuwa hivyo kabla ya kusemwa.

Mzee Sefu aliendelea kushona, lakini barazani hakubishana tena. Vijana wakizozana juu ya siasa na wake za watu, alikuwa akiinua kichwa kutoka kwenye cherehani na kuwaambia maneno ya mjomba wangu. Ndivyo yalivyoenea.

Mimi niliolewa na babu yenu. Alikuwa mtu mwema, na bila yeye nyinyi msingekuwapo, kwa hiyo silalamiki. Ila nikisikia watu wakicheka barazani, bado huniuma. Mkishika simu zenu hizo, semeni mnavyotaka, lakini mjue: neno la barazani halilali barazani.