Chumba Kizuri cha Mama Nakiete

Hii nimeipata kwa shemeji yangu, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Kama uko kwenye kujenga, au mama yako anaishi kwako, isome taratibu.

Eliamani alijenga nyumba Same mjini, akamteremsha mama yake, Mama Nakiete, kutoka milimani aje kupumzika. Akamtengea chumba kilicho mwisho kabisa wa korido, mbali na kelele, chenye kitanda kipana, feni na choo humo humo ndani. Mkewe, Namkunda, alimpelekea chakula kwenye sinia.

Mama akaanza kurudisha sinia kama lilivyokwenda. Akakonda, akaacha kuongea. Hospitali walipima kila kinachopimika, hawakuona ugonjwa. Eliamani aliogopa kwelikweli, akawapigia simu ndugu zake: "Njooni mumwone mama kabla hajaacha kututambua."

Hawajafika, bomba la choo kile likapasuka na maji yakajaa chumbani. Ikabidi mama alazwe kwenye stoo iliyo ubavuni mwa jiko, pamoja na magunia ya mahindi.

Namkunda nusura alie. "Watu watasema nimemtupa mama mkwe stoo!"

"Fundi akimaliza tu, tunamrudisha," mumewe akamtuliza.

Asubuhi Namkunda alikuwa anakaanga vitunguu, akasikia sauti kutoka stoo: "We Namkunda, unaunguza!"

Mwiko ukamponyoka. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu Pasaka.

"Abee, mama!"

"Lete hizo njegere nikumenyee. Na mchicha wa juzi niliuonja, ulikuwa na mchanga, nikanyamaza tu."

Ndugu walifika na nyuso za msiba, dada mtu akilia tangu getini. Wakamkuta mgonjwa kwenye kigoda mlangoni pa stoo, anapeta mchele.

"Mnamlilia nani?" akawauliza.

Walicheka mpaka machozi yakawatoka upya. Eliamani aliketi sakafuni hapo hapo, akashusha pumzi. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko siku aliyokabidhiwa nyumba.

Chumba kilipokauka, akamwambia mama arudi. Mama akagoma.

"Ni kizuri, mwanangu, ila hakiko njiani kwa mtu. Kila aliyeingia alikuja kunitazama mimi. 'Mama, unajisikiaje?' Ukiulizwa hivyo asubuhi na jioni, mwisho utajisikia mgonjwa tu. Hapa watu wanafuata chumvi yao, wananikuta, tunagombana, siku inakwenda."

Eliamani akamwita tena fundi. Stoo ikapakwa rangi na kuongezwa dirisha la kutazama uani, kitanda kipana kikahamia huko.

Na mahindi? Mahindi ndiyo yanakula raha kule mwisho wa korido, chini ya feni.

Funzo: Ukimjengea mzazi, usimtafutie tu mahali pa kupumzika, mpe nafasi pale ambapo maisha ya nyumba yanapita.