Muunganisho Ule Ulikuwa wa Nani?

Hapo zamani, na msinitolee macho, sisemi zamani za majini, nasema zamani za kompyuta za chogo, palikuwa na chuo cha wauguzi chenye kompyuta kuu moja ya Unix, mfumo unaomtambua kila mtu kwa jina lake. Wanafunzi wote walipitia humo kwenda mtandaoni, kila mtu kwa jina lake na nywila yake. Lakini foleni ya viti, jamani! Basi wakajizoesha: ukiinuka, hufungi akaunti yako. Unamwachia mwenzako kiti, na jina lako humo humo.

Siku moja maktaba ya ng'ambo waliyoitegemea ikakifungia chuo kizima. "Kuna mtu kwenu anakomba vitabu vyetu vyote kwa mpigo. Mtajeni, la sivyo hatufungui." Na mitihani hiyo inabisha hodi!

Bwana Mashauri, mtunza mitambo, akaiuliza kompyuta: muunganisho huu unaokwenda maktaba ni wa nani? Kompyuta ikajibu: Nyamizi.

Binti wa watu akaitwa. Akalia. "Mimi? Saa hiyo nilikuwa wodini nazalisha!"

Mkuu wa chuo akasema, "Kompyuta imekutaja. Funga virago."

Hapo akasimama Sospeter, mwanafunzi mwenzake. Angenyamaza, nani angejua? "Mwacheni, Mkuu. Kiti aliniachia mimi. Jina lake, mkono wangu. Nilitaka darasa zima lipate vitabu."

Mashauri akawaandikia maktaba ukweli wote, bila kupunguza. Wakajibu: "Tumefungia vyuo vingi, hakuna aliyewahi kutuambia kweli. Tumefungua. Na mwenye muunganisho ule tunampa ruhusa ya kusoma kila kitabu, mwaka mzima. Mtu mmoja tu."

Vigelegele! Halafu kizaazaa.

Nyamizi akasema, "Wakati wa kufukuzwa, muunganisho ulikuwa wangu. Leo wakati wa kula, si wangu tena?"

Sospeter akasema, "Niliuanzisha mimi, dada. Na ningefunga mdomo, saa hizi ungekuwa kwenu."

"Nyie watoto!" Mashauri akang'aka. "Nisingeuliza, na nisingeandika kweli, nani angetufungulia? Na mimi nataka kusoma, nimechoka kufuta vumbi la mashine."

Mkuu akashika kichwa. Ruhusa ipo mezani, inangoja jina moja, na wote watatu wanamtazama.

Haya, wewe unayecheka huko nyuma, hebu shika kalamu ya Mkuu. Je, nani alistahili? Ungeandika jina la nani?